Uzi: Nimesomea mapango, ninakula kwa maji. Wanaoitaka jiolojia tukutane hapa

Mwana wa Mkulumuzi

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita kijana mmoja alinifuata inboksi. Kamaliza kidato cha sita, PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati), anauliza: "Kaka, nasikia wewe ulisomea mapango. Hivi hiyo nayo ni kazi?" Nikaanza kumjibu, nikashtuka nimeshaandika kurasa tatu. Nikaona niyamwage hapa jukwaani, maana swali hilohilo baba yangu ananiuliza mpaka leo na mimi mvi zimeshaanza.

Jibu la haraka: kwa miaka 16 niliyofanya kazi Dar sijawahi kuona tangazo la "anatakiwa mtaalamu wa mapango". Mtu akifungua pochi, anafungua kwa ajili ya maji, au kwa ajili ya msingi wa ghorofa lake usije ukatitia. Pangoni nimepelekwa na mapenzi yangu mwenyewe. Ila kila ninachokijua kuhusu maji nilianza kukielewa humo gizani, ndiyo maana naomba mnivumilie niyaeleze kwa urefu.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, si mbali na mapango ya Amboni. Watoto wa kule tumekuzwa na hadithi kwamba ukishika njia hii ya pango unatokea Mombasa, ukishika ile unatokea Kilimanjaro. Nilipofika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka wa pili, ndipo nikasoma kwamba mwaka 1994 timu ya Wajerumani na Waturuki iliyapima mapango yale, ikakuta ni kumi yaliyoachana, na lililo refu kuliko yote lina kama mita 900 tu. Siwafichi, niliumia. Ni kama kuambiwa babu yako hakuwahi kuua simba. Lakini usiku ule nikashikwa na swali ambalo halijaniachia hadi leo: kama pango haliendi Mombasa, maji yaliyolichimba yalikwenda wapi?

Kwa ambao hawajawahi kukutana na haya: mvua inaposhuka na kupenya udongoni, inabeba kabonidioksidi inayotoka kwenye mizizi na majani yanayooza. Maji yanapata uchachu kidogo sana, kama soda iliyokaa wazi. Mwamba wa chokaa uchachu hauuwezi. Chukua kipande cha jiwe la Wazo Hill, lile linalotengenezewa saruji, kidondoshee asidi uone povu. Sasa fanya hivyo kwa uchachu mdogo mno, kwa miaka maelfu kwa maelfu, kwenye ufa usiopitisha hata unywele. Ufa unakuwa bomba, bomba linakuwa ukumbi. Siku mto ukipata njia ya chini zaidi, ukumbi unabaki mkavu, popo wanahamia, na sisi tunaweka geti na kukatisha tiketi.

Turudi kwenye ajira. Darasani kwetu kila mtu alikuwa anaota dhahabu. Geita, Bulyanhulu, helmeti, gari la kampuni. Mimi nafasi ya mazoezi mgodini niliikosa, nikaangukia kwenye kampuni moja ya kuchimba visima hapa mjini. Jina silitaji, lilishakufa kifo chake.

Mwaka wangu wa pili pale alikuja mama mmoja, mwalimu mstaafu, ana nyumba yake Kigamboni. Pesa yenyewe ni ya kiinua mgongo. Nikaenda na terameta, ile mashine inayopitisha umeme ardhini ili usome tabaka za chini, nikapima sehemu tatu. Sehemu nzuri ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Na vipimo vilionyesha kwamba kuanzia kama mita 50 ukinzani, yaani ugumu wa ardhi kupitisha umeme, unaporomoka ghafla. Ufukweni hiyo maana yake ni mbili: umefika kwenye udongo wa mfinyanzi au umefika kwenye chumvi. Nikaandika: chimba nyuma, mwisho mita 45.

Rigi, mashine ya kuchimbia, haikuweza kupita nyuma bila kubomoa ukuta. Bosi akasema tuchimbe mbele, karibu na geti. Na ile 45 yangu ikageuka 80, kwa sababu mteja analipa kwa mita. Ripoti ikatoka na sahihi yangu chini.

Maji yalitoka mengi ajabu. Vijana wa rigi wakapiga makofi. Yule mama akakinga kwa kiganja, akaonja, akatema. Hakumwangalia bosi. Aliniangalia mimi, maana mimi ndiye niliyekunywa chai kwake siku ya kupima.

Mwezi ule nikaacha kazi nikarudi shule. Naendelea baadaye, umeme unachezacheza huku.

Kahawa na Kashata

Nimeshakaa kiti cha mbele. Usituache njiani mkuu.

Mzee wa Chumbageni

Kijana, mimi pia wa Tanga. Hao Wajerumani wako walipima pale walipopenya wao na matumbo yao. Mizimu haipimwi kwa futi kamba.

Mwana wa Mkulumuzi

Shikamoo mzee wangu. Mizimu nakuachia wewe, lakini hilo la matumbo umelenga penyewe, na ndilo lililonisomesha. Mpimaji wa pango anaishia mwili wake unapoishia. Maji hayajali, yanaendelea na tundu la upana wa kidole kilomita nyingi tu. Kwa hiyo kusema "pango lina mita 900" si kusema maji yake yameishia hapo.

Namna ya kuyafuata ni kuyatia rangi. Mwaka 1877 kule Ujerumani, mto Danube una sehemu unazama kwenye mawe ya chokaa na kukauka kabisa kiangazi. Watu wa viwanda wa chini wakawa wanagombana na wa upande mwingine, kila mmoja anasema maji ni yake. Profesa mmoja anaitwa Knop akamwaga kilo 10 za rangi ya fluoresini pale mto unapozama. Baada ya kama saa 60, chemchemi ya Aach, kilomita 12 kutoka pale, ikatoka kijani kama juisi ya ukwaju iliyotiwa rangi za sikukuu. Pigeni hesabu: mita 200 kwa saa. Chini ya ardhi!

Nilipopata nafasi ya kwenda Slovenia, Postojna, kwenye mafunzo ya wiki moja yanayofanyika kila Juni, walitupeleka Škocjan. Mto Reka unaingia kwenye mdomo wa pango kwa kishindo cha kutisha, halafu haonekani mtu wala mto. Unakuja kuibuka Italia, zaidi ya kilomita 30 mbele. Nchi hiyo ndiyo iliyowapa wataalamu neno karsti, yaani ardhi ya mwamba unaoyeyushwa na maji, kutokana na uwanda wao wa mawe. Nilisimama pale nikawaza Amboni na babu zangu. Wale wazee hawakuwa waongo sana. Walihisi kwamba kitu kinakwenda mbali, wakakosea tu kudhani kwamba ni mtu.

Sasa hili linamhusu vipi mtu wa Dar? Linamhusu choo chake. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mchanga, na kwenye mchanga maji yanatambaa, mara nyingi hayamalizi hata mita chache kwa siku, na yanachujwa njiani. Ukija Msasani, Oysterbay, Kunduchi, au ukivuka kwenda Unguja kwenye maweni, upo juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu. Humo maji hayatambai, yanakimbia, na hayachujwi na chochote. Ule umbali wa choo na kisima ambao fundi wako anautaja kwa kujiamini ni wa mchanga. Kwenye matumbawe umbali peke yake haukulindi, inategemea tundu limeelekea wapi. Nimeshaona kisima kilicho mbali na choo kinanuka, na kilicho jirani ni safi.

Mvuvi Mstaafu

Mkuu mimi nipo Kigamboni. Kisima changu mita 60, mwaka wa kwanza maji yalikuwa safi kabisa. Sasa hivi chai inakolea chumvi kabla ya sukari. Fundi anasema tuongeze urefu tufuate maji mengine chini. Halafu mbona serikali imechimba Kimbiji wakapata maji mazuri na sisi tuko wilaya moja?

Mwana wa Mkulumuzi

Mkuu tafadhali usiongeze urefu hata mita moja kabla hujasoma hapa.

Maji ya baharini ni mazito kuliko maji ya mvua, tofauti yake ni kama asilimia mbili na nusu. Kwa hiyo maji matamu yanaelea juu ya chumvi chini ya nyumba yako, kama mafuta yanavyoelea kwenye mchuzi. Kati ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, Mholanzi na Mjerumani, kila mmoja kivyake, walipata hesabu yake: kila mita 1 ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari inabebwa na mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu nzuri ukiisoma kwenda mbele, mbaya ukiisoma kurudi nyuma. Wewe na majirani zako mkivuta hadi maji yakashuka nusu mita tu, chumvi inapata ruhusa ya kupanda mita 20. Haipandi leo wala kesho, ndiyo maana mwaka wa kwanza ulikunywa chai nzuri.

Fundi anayekuambia ushuke zaidi anakupeleka kwenye chumvi yenyewe kwa gharama yako. Nilishawahi kumtilia sahihi fundi wa aina hiyo, nimekwisha kusimulia.

Kimbiji ni habari nyingine. Vile visima vya mradi wa Kimbiji na Mpera, ishirini kwa idadi, ni vya mita mia kadhaa, na maji yake yapo kwenye tabaka nene za mchanga wa zamani zilizofunikwa na tabaka nyingine juu yake. Mwaka 2022 mto Ruvu uliposhuka na mji mzima ukaingia kwenye mgao, ndiyo hayo yalisogezwa mbele kutuokoa. Kisima chako na vile vinaitwa visima vyote viwili, kama vile baiskeli na treni vyote ni usafiri.

Fanya hivi. Nunua kile kikalamu cha kupimia chumvi kwenye maji, maduka ya vifaa vya mabwawa ya samaki wanacho. Pima alfajiri kabla hujawasha pampu. Washa, pima tena zikipita saa tatu. Njoo na namba zote mbili.

Fundi Waya

Kelele nyingi. Babu yangu anapima maji kwa waya mbili za shaba, hana digrii na hajawahi kukosa maji Dar nzima.

Mwana wa Mkulumuzi

Nakuamini kabisa. Dar hata mimi nikifumba macho nikatupa kofia, ilipoangukia pana maji, mji umekaa juu ya mchanga uliolowa. Mwambie babu atuambie kama ni ya chumvi, ni ya choo, au yatakauka Oktoba. Waya zikijibu hilo namwajiri. Au mpeleke Dodoma akajaribu kwenye miamba ya kule, tuone.

Binti Mzizima

Samahani kutoa uzi kwenye reli. Kuna barabara karibu na kwetu shimo lilitokea ghafla baada ya mvua, bajaji ikaingia gurudumu zima. Watu mtaani wanasema chini ya Dar kuna mapango. Ni kweli? Na je, hii kazi mwanamke anaiweza?

Mwana wa Mkulumuzi

Dada, hujatoa uzi relini hata kidogo.

Shimo la barabarani mjini kwetu, kabla hujawaza pango, tafuta bomba au kalavati lililopasuka. Maji yanayovuja yanabeba mchanga kidogokidogo, lami inabaki imening'inia kama ukoko wa wali, hadi siku bajaji inapopita. Guatemala mwaka 2010 shimo la duara lilimeza jengo la ghorofa tatu, dunia nzima ikasema ni karsti. Chini pale palikuwa na majivu ya volkano na maji ya mitaro yaliyokuwa yakivuja. Hata "mapango ya Pugu" mnayopelekwa kupiga picha ni mashimo ya watu waliokuwa wanachimba kaolini, udongo mweupe. Popo ni wa kweli, pango ni la sululu.

Kwenye chokaa halisi mambo ni mazito zaidi, na chanzo kikubwa kinachoniogopesha ni pampu. Tundu lililojaa maji chini ya ardhi linasaidiwa na hayo maji kubeba dari lake. Ukiyanyonya, dari linabaki peke yake. Afrika Kusini, Desemba 1962, kwenye mgodi wa dhahabu wa West Driefontein, walikuwa wametoa maji kwenye mwamba wa dolomiti, ndugu wa chokaa, ili wachimbe kwa usalama. Jengo zima la mtambo wa kusagia mawe likazama na watu 29. Florida, Januari 2010, wakulima wa stroberi walimwagilia usiku 11 mfululizo kuzuia barafu isiue mazao. Maji ya ardhini yakashuka karibu mita 18, mashimo kama 140 yakafumuka, mengine kwenye nyumba za watu wasiolima hata mchicha.

Ndiyo maana siku hizi napata vibarua vya Masaki. Mtu anajenga juu ya matumbawe, mhandisi anataka kujua kama chini ya nguzo pana tundu. Tunachoronga, tunapima, tunajaza zege. Kazi ya siku nne inalipa kuliko pango la mwezi mzima.

Kuhusu mwanamke: mtu hodari kuliko wote niliyewahi kuingia naye pangoni ni dada mmoja mwembamba, anapita mahali ambapo mimi naacha mkanda wa suruali. Taabu wanazozipata mara nyingi zipo nje ya pango: choo hakuna saiti, gesti ya kijijini mlango haufungi, na kiongozi wa kijiji anaongea na dereva badala ya kuongea na yeye aliyemwajiri dereva. Hayo yadai mapema, kwenye mkataba.

Ila awe mwanamke au mwanamume, popo msiwachezee. Virusi vya Marburg viliwahi kuwapata watu waliotembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, mwaka 1980 na tena 1987. Sisi wenyewe Kagera tuliona ugonjwa huo mwaka 2023. Mimi siingii penye popo wengi bila barakoa nzito na glavu, na nguo za pangoni hazipandi kitandani.

PGM Mwenyewe

Kaka ni mimi niliyekufuata inboksi. Sasa nisome wapi na niajiriwe na nani?

Mwana wa Mkulumuzi

Mlimani jiolojia ipo, Dodoma ipo. Kama mfuko hauruhusu au alama zimeteleza, usikidharau Chuo cha Maji pale Ubungo, wana stashahada ya hidrojiolojia na uchimbaji wa visima, na vijana wao wanaijua rigi kuliko sisi wa digrii. Nchi ina mabonde tisa ya maji, kila moja na bodi yake. Yetu ni ya Wami/Ruvu, na kibali cha kuchimba kisima unakipata huko. Ongeza RUWASA (wakala wa maji vijijini), mamlaka za maji za miji, Taasisi ya Jiolojia Dodoma, na makampuni ya tathmini ya mazingira. Na cha kuchekesha, wanaolipa vizuri zaidi watu wa maji ni migodi ileile ya dhahabu, maana shimo likijaa maji hakuna dhahabu.

Kemia usiikimbie. Mimi niliikimbia nikaja kuisoma kwa machozi nikiwa na watoto wawili. Na jifunze kuandika ripoti ambayo mteja anaielewa, halafu baki na nakala yako uliyoisaini. Hilo la nakala nimelilipia ada.

Mapango yatakuja yenyewe. Utatumwa Kilwa kupima kisima cha shule, Jumamosi utapanda milima ya Matumbi kuona mapango waliyojificha watu wakati wa Maji Maji. Utakwenda Unguja kwa kazi ya siku tatu, ya nne utaiba uende Jambiani, pango la Kuumbi, uone mahali binadamu waliishi zaidi ya miaka 20,000 iliyopita. Nauli utajitolea mwenyewe.

Mzee wa Chumbageni

Marahaba, nilisahau kuitikia. Na yule mwalimu wa Kigamboni, ulirudi kwake?

Mwana wa Mkulumuzi

Nilirudi mzee, baada ya miaka mitatu. Tulimchimbia nyuma, chini ya mwembe, mita 42, kwa rigi ndogo iliyopita bila kubomoa kitu. Nusu ya gharama nilitoa mimi. Alipika pilau. Maji hayakuwa matamu kama nilivyotaka, lakini yananyweka.

Mvuvi Mstaafu

Wakuu nimerudi na namba. Alfajiri kimesoma 1,450. Baada ya saa tatu pampu ikiwa imewaka, 2,900. Hii ni mbaya?

Mwana wa Mkulumuzi

Imepanda mara mbili kwa saa tatu, chumvi ipo mlangoni. Zima. Pandisha pampu juu mita kumi, weka ndogo, ujaze tenki kidogokidogo kwa nusu saa nusu saa, na mvua ikianza vuna ya bati ukipumzishe kisima. Pima kila wiki uandike kwenye daftari.

Mvuvi Mstaafu

Sawa. Ila jirani yangu wa ukutani anachimba kesho asubuhi, rigi imeshalala getini. Wamekubaliana mita 80.

Mwana wa Mkulumuzi

Nitumie namba yake inboksi. Sasa hivi.